Nilimwambia Aje Ijumaa, Tena Alete Sahani

Nilimwalika mwenyewe. Kwa ulimi wangu huu huu.

Mwanamme aliyekuwa akinifuata njiani siku nne mfululizo, nikageuka, nikamtazama usoni, nikamwambia aje nyumbani kwetu Ijumaa baada ya Alasiri.

Tena nikamwambia alete sahani.

Msinicheke kwanza. Ngojeni niwahadithie.

Ilikuwa Nizwa, mwaka 1976, mwezi wa Oktoba. Lile joto la kuua mtu limeanza kulegea, na makomamanga yanashuka kutoka milima ya Jabal Akhdar juu ya punda. Mimi Rahila, mtoto wa Unguja, nina miaka ishirini na mbili na Oman nina mwaka mmoja tu. Mimi na mama yangu, Bi Ghalia, tulikuwa tukikaa kwa ami yangu Nadhir, ndugu yake marehemu baba.

Kwa sura sisi Waomani. Kwa jina Waomani. Tukifungua mdomo tu, watu wanageuka kututazama.

Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani. Nikiweza kukusomea juzuu nzima bila ya kukosea, lakini sokoni nashindwa hata kuuliza vitunguu viko wapi.

Alhamdulillahi nilipata kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye skuli mpya ya wasichana. Wanafunzi wengine walikuwa wake za watu, warefu kunishinda mimi, kwa kuwa skuli iliwafikia wakiwa wameshaolewa. Wamekaa kwenye madawati madogo, magoti yamegusa mbao, wanasema "gudi moningi ticha" kwa sauti moja. Niliipenda kazi ile sana. Ndiyo pahala pekee Oman nzima nilipojiona mtu.

Lakini ami alikuwa na sharti lake.

"Rahila, nenda kafundishe. Ila siku nitakayosikia neno moja la njiani juu yako, moja tu, basi. Utakaa ndani na mama yako."

Ami hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hofu, na hofu yake yote aliimimina juu yangu.

Sasa hiyo halua.

Yalipoingia makomamanga, mama akapika halua. Wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, lozi, kama ya kwetu. Ila kule Nizwa akazua lake: badala ya maji matupu, anakamua makomamanga. Inatoka nyekundu ya kuiva, na nyuma ya utamu kuna kiuchachu kidogo kinachokufanya urudi tena na tena.

Akawapelekea majirani. Lo! Mtaa mzima ukaingia wazimu. Watu wakawa wanatugongea mlango. Mpaka wanawake wakinisimamisha njiani: "Ya Zanjibariya, halwa? Kuna halwa?" Nami najibu kwa Kiarabu changu cha kuvunjikavunjika: kesho, au keshokutwa.

Ndipo akatokea huyu bwana.

Alikuwa akikaa kwenye duka la fundi cherehani, njia ya kwendea skuli, yeye na wenzake watatu. Kanzu nyeupe pe, udi umemganda, kilemba kakipinda upande.

Siku ya kwanza nilipopita akasema: "Hilwa."

Siku ya pili: "Ya hilwa, ya hilwa," kisha akaondoka kibarazani na kunifuata, hatua kumi nyuma yangu.

Siku ya tatu akanifuata mpaka mlango wa skuli. Nikienda mbio, anakwenda mbio. Nikisimama, anasimama. Viganja vyangu vilikuwa maji matupu, na daftari za wanafunzi zikaniporomoka.

Na mimi, mwana wa mama yangu, nikajiambia: masikini, huyu anataka halua. Anaona haya kuja kugonga.

Siku ya nne, Jumatano, nikachoka. Nikageuka pale pale mbele ya duka.

"Al-halwa fil-bayt," nikamwambia, kwa matamshi yangu ya kisomo. Halua iko nyumbani. "Njoo Ijumaa, baada ya Alasiri. Ulete sahani."

Uso ukambadilika. Wenzake wakapiga miluzi, mmoja akajipiga mapaja kwa kucheka. Mimi nikaenda zangu skuli, nimeona nimelimaliza jambo kwa adabu.

Kwenye chumba cha walimu nikamhadithia mwenzangu Wadha. Yeye kwao bara, kazaliwa Kigoma, lakini Oman alitangulia, Kiarabu cha mitaani anakijua mpaka matusi yake.

Akaweka chaki chini.

"Dada, alisema halwa au hilwa?"

"Si hiyo hiyo?"

"Mungu wangu. Uko siriasi? Halwa ni ya kula. Hilwa ni mwanamke mzuri! Anakwambia 'mrembo wee'. Halafu na matamshi yako hayo, sijui wale wamesikia nini. Usikute wamesikia 'mrembo yuko nyumbani, njoo Ijumaa'."

"Nikamwambia alete sahani, Wadha!"

Wadha alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia.

Kwa sababu nilijua kitakachofuata. Wale wanaume watasema, na Nizwa maneno yanafika kabla ya mwenyewe. Ami atasikia. Na kazi yangu imekwisha.

Jumatano ile na Alkhamisi yake sikukaa kitako. Kila mlango ukigongwa roho inanipaa. Ami akikohoa tu, nadhani ameshaambiwa. Usingizi hauji.

Alkhamisi nikamweleza mama.

Mama akasema: "Leta makomamanga."

"Mama, nakwambia mtu anakuja!"

"Na aje. Atakuta halua. Kama sufuria iko jikoni inachemka, nani atasema tumemwitia jengine? Ami yako usimwambie. Ukimwambia leo, Jumamosi skuli ikifunguliwa hutoki."

Basi Ijumaa, baada ya watu kurudi kutoka msikitini, tukaweka sufuria. Mama anatia samli kijiko kijiko, mimi na mwiko. Halua haina mapumziko, ukiacha kukoroga tu inashika chini. Mkono unawaka moto, macho yako mlangoni.

"Usiangalie mlango. Angalia sufuria," mama ananiambia.

"Akija na wenzake?"

"Koroga, Rahila!"

Ami akapita, akanusa. "Leo kuna nini?"

"Wageni," mama akasema, bila ya kupepesa jicho.

Ikaadhiniwa Alasiri. Ikaswaliwa. Ami kakaa na kahawa yake.

Ngo, ngo, ngo.

Ami akaenda kufungua mwenyewe, nami nikabaki nimeshika mwiko kama silaha.

Hakuwa mwanamme.

Alikuwa mwanamke, kajifunika uso na shela, mkononi ana sahani kubwa iliyochorwa maua. Akaingia, akatoa salamu, akafunua uso.

Nikamjua. Hamda! Mwanafunzi wangu, yule anayekaa dawati la nyuma, wa mwanzo kunyosha mkono kila siku.

"Mume wangu, Mahrous, kanituma nifuate halua," akamwambia ami kwa Kiarabu. Kisha akanigeukia mimi, akisema polepole nipate kufahamu. Hakuwa akitabasamu. "Mwalimu, wenzake wamemcheka siku mbili. Maneno yakanifikia ndani. Nilipomuuliza akasema yeye kakuomba halwa tu, na wewe ukamkaribisha. Nimekuja nilisikie kwako. Alisema halwa, au alisema hilwa?"

Ami alikuwa amesharudi kwenye kahawa yake; finjani ikamsimama mdomoni.

Mama, nyuma ya mgongo wangu, akaniminya nyama za kiuno. Nilimwelewa. Sema halwa. Halua hiyo hapo, ya moto, mtu na sahani yake kaja. Useme halwa tu na kila kitu kimekaa sawa, Jumamosi unakwenda kazini.

Ni irabu moja tu.

Lakini Hamda alikuwa akinitazama vile vile anavyonitazama darasani, akisubiri nimwambie jawabu lake limesihi au halikusihi.

"Hilwa," nikasema. "Siku nne. Na alinifuata mpaka mlango wa skuli."

Hamda akaweka sahani chini. "Miaka mitatu kanioa," akasema taratibu. "Neno hilo mimi hajapata kuniambia."

Ami akainuka. "Khalas, basi. Rahila, nilishasema. Jumamosi hutoki."

Nilijua, lakini nilipolisikia nilihisi nimekatwa. Nikatoa machozi hapo hapo mbele ya mwanafunzi wangu.

"Ami," Hamda akamwambia, kwa heshima kama vile baba yake. "Huyu kafanya nini?"

"Hakufanya kitu. Namlinda."

"Akikaa ndani yeye, darasa letu halina mwalimu, na mimi nakaa ndani. Mahrous atabaki pale pale kwa fundi, njia yote yake. Nipe Jumamosi moja tu. Nitakuja kumchukua mwenyewe."

Ami akakaa tena. Mama akachukua ile sahani, akaijaza halua mpaka juu, akamrudishia Hamda. Machozi yalikuwa yakimtoka na yeye.

Jumamosi asubuhi Hamda alikuwa mlangoni. Mama akatufungulia mlango, tukatoka wawili. Nilipogeuka nyuma, nikamwona ami anatufuata kwa mbali, bakora mkononi, uso umekunjana. Nikajua kaja kunirudisha.

Duka la fundi hilo. Mahrous na wenzake hao.

Nilitaka kukimbia. Hamda akanishika mkono, akasimama mbele yao.

"Mahrous," akasema, sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Mwalimu wangu ni mgeni, Kiarabu bado anajifunza. Lile neno ulilomwambia hakulisikia vizuri. Litamke tena, polepole, tumsomeshe."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani.

Mahrous akatazama viatu vyake.

"Sema basi. Siku nne ulikuwa hodari."

Wenzake wale wa miluzi, mmoja kakumbuka ana shughuli, mwengine kageukia ukuta.

"Nilisema halwa," Mahrous akanong'ona.

"Muongo!"

Sikuwa mimi. Hakuwa Hamda. Alikuwa ami Nadhir, keshafika, kasimama ubavuni mwangu, mtu ambaye mwaka mzima sijapata kumsikia akipandisha sauti nje ya nyumba.

"Huyu ni binti wa ndugu yangu," akamwambia. "Anakwenda kufundisha. Leo atapita hapa, na kesho, na keshokutwa. Asiyeweza kunyamaza atafute baraza nyengine."

Kisha akanigeukia, kwa Kiswahili, kwa ukali ule ule: "Na wewe unasimama nini? Watoto wanakungoja."

Nilifundisha skuli ile miaka kumi na moja. Mahrous tukamsikia kahamia baraza ya soko la samaki, na huko sijui alisema nini na nani. Hamda alisoma mpaka akamaliza, akawa mwalimu na yeye.

Kisa hichi nimekihadithia miaka mingi kama kichekesho cha halua na hilwa, na watu huvunjika mbavu. Leo nataka niseme ukweli, maana wajukuu zangu wa kike wanasoma haya.

Neno sikulijua, kweli. Lakini nilijua. Mtu anayetaka halua hakufuati hatua kumi nyuma, hasimami ukisimama. Nilijua tangu daftari ziliponiporomoka, na nikajitafutia maana nzuri kwa sababu ile mbaya ilikuwa inaniogopesha, na nikiona haya kumdhania mtu vibaya.

Kwa hivyo nyinyi, popote mlipo, Maskati au London, mtu akikufuateni na mwili ukasema hapana, usikilizeni mwili. Ondokeni kwanza. Maana ya neno mtaiuliza mkishafika.