Breki ya Nyuma ya Maige

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaza breki za baiskeli ya katekista, nikaiegemeza ukutani na kujiona fundi. Msimamizi wa karakana ya misheni, Mfipa mmoja mrefu asiyecheka, hakuigusa hata kidogo. Alininyooshea kidole kwenye mteremko wa kwenda mtoni.

"Umemaliza? Haya, panda uteremke nayo. Ukirudi mzima, mwenyewe aje achukue."

Nilirudi mzima, ila suruali ilichanika gotini. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu hapa Mpanda: anayetengeneza breki huipanda baiskeli yeye kwanza. Breki za siku zile zilikuwa za fito. Ukibana mkono wa breki, fito za chuma zinavuta raba zikakamate rimu, yaani lile duara la chuma linalobeba tairi. Ukiziona tu unajua kasoro iko wapi.

Baadaye nilihamishiwa Kapalamsenga, ziwani, kutunza baiskeli za wahudumu wa afya. Afisa usafirishaji wa mradi alikuwa mkali kama pilipili, na kila asubuhi alitukumbusha, "Mchanga wa huku unamaliza raba. Nyie mkilala, mhudumu anaishia majini." Mradi ulipokwisha nilirudi nikafungua banda Misunkumilo, hapa hapa Mpanda. Bodaboda zilikuwa zimejaa mji, na watu walioniletea baiskeli walipungua mwaka hadi mwaka. Nilizoea kukaa bila kazi, jambo baya sana kwa mtu mwenye mikono.

Ndipo akaja Maige. Jina lake na la kaka yake nimeyabadili. Wanaowajua naomba wanyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Baiskeli yake haikuwa na kiti. Ni ya michezo ya kuruka: mpandaji anasimama muda wote, anaruka juu ya mawe, anatua kwa gurudumu la nyuma na kutulia palepale. Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha vijana alimwachia alipoondoka. Maige akawa anapanda nayo rundo la mataruma chakavu ya reli, watu wanashika vichwa. Alikuwa amealikwa Dodoma kuonyesha mchezo wake, na kama angefanya vizuri, angechukuliwa kuwa mwalimu. Kijana yule hakuwa na ndoto nyingine.

Breki zake zilikuwa za mafuta. Ukibana mkono, pistoni inasukuma mafuta ndani ya mpira mwembamba, nayo yanasukuma silinda mbili zinazobana rimu kwa raba ngumu. Rimu yenyewe tuliiparuza kwa grenda ili raba ing'ate. Hewa ikiingia, mkono unalegea. Hapo unasukuma mafuta kutoka chini kwa bomba la sindano la duka la dawa, mpaka mapovu yaishie juu. Kazi tamu. Nilijihisi nimezaliwa upya. Ila kulikuwa na sharti moja: mafuta yake ni mepesi, ya aina yake. Ukitia ya breki za pikipiki, sili za ndani, zile raba zinazozuia kuvuja, zinavimba na pistoni inakwama.

Lakini breki ile sikuweza kuipanda. Magoti yangu hayaruki hata tuta. Kwa mara ya kwanza nilimkabidhi mtu breki ambayo sikuijaribu mwenyewe, na hilo lilininyima raha. Maige alinicheka.

"Mzee, we tengeneza tu. Kuruka niachie mimi."

Wiki ya kuagwa kwake kwenda Dodoma nilikuwa Kapalamsenga, nikimzika dada yangu. Niliporudi, nilimkuta Maige hospitali. Uwanjani, akiwaonyesha watu mchezo wa kuwaaga, juu ya mataruma, alibana breki ya nyuma na haikushika. Aliangukia mgongo.

Baiskeli waliileta bandani kwangu. Nilifungua silinda ya nyuma, nikanusa, nikajua. Sili zilikuwa zimevimba. Nilikuwa bado nimeishika mkononi alipoingia Masanja, kaka yake, dereva bodaboda aliyemlea Maige tangu wazazi wao wafariki. Alikaa chini sakafuni.

"Nilikuta mkono umelegea, mzee, na we hukuwepo. Maige alikuwa kibaruani. Nikajazia mafuta yangu ya pikipiki. Yameandikwa breki. Nilitaka akaruke vizuri."

"Umemwambia?"

"Hapana. Mzee wangu, anakula kwa mkono wangu. Mi ndo namgeuza kitandani. Akijua, atakubali nimshike?"

Nilikasirika. Nilitaka kumpiga na spana, nisiwe mwongo. Kisha nikamtazama analia kama mtoto, nikafunga silinda. Nikamwambia arudi kwa mdogo wake, naye akaelewa kuwa sitamsema.

Kwa Maige, mkono wa mwisho kugusa breki ile ulikuwa wangu. Kwa mji mzima pia. Wakasema mzee kachoka, macho hayaoni, na hata wale wachache wa baiskeli nyeusi za kawaida wakaacha kuja. Nilifunga banda. Watu hudhani nilistaafu kwa umri.

Nyie mnaoingia kwenye ufundi mtaambiwa kwamba jina zuri ni mali ya fundi. Ni kweli, na langu nililijenga maisha yangu yote. Kulipoteza kunauma kila siku, asubuhi zaidi, mikono inapoamka na haina pa kwenda. Sijawa mtakatifu kwa kunyamaza. Zipo siku nilizovaa viatu niende nikaseme yote, nikarudia mlangoni.

Pasaka iliyopita Masanja alimleta Maige kwangu kwa kiti cha magurudumu. Alikishusha taratibu kizingitini, akamfunika miguu kwa kitenge, akasimama nyuma yake akitazama chini. Maige alinishika mkono.

"Mzee, nimekaa nimewaza sana. Nimekusamehe."

Nilimtazama Masanja, akafumba macho.

"Asante, mwanangu," nikasema.