Neno la Siri Nililomnyima Mwalimu Singano

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia!

Kompyuta zilipoletwa chuoni kwetu Lushoto, mimi ndiye niliyepelekwa Dar kujifunza. Nikarudi kichwa kimevimba. Mkuu wa chuo akaagiza matokeo yawe kazi ya wote: kila idara ipewe neno lake la siri, iingie kwenye mfumo, ikague alama za wanafunzi wake. Kikaoni niliitikia. Nje ya kikao sikumpa mtu! Nikasingizia mfumo haujatulia. Kumbe nilipenda tu kuona walimu wamepanga foleni mlangoni kwangu.

Siku moja Mwalimu Singano alikuja mbio. Mimi nilikuwa nafunga ofisi, niwahi harusi ya binamu yangu kule Magoma.

"Dada, yule Rehema wa Rangwi kompyuta inaonyesha amefeli. Mtihani wake nimesahihisha mwenyewe, amefaulu vizuri. Nipe hilo neno nirekebishe."

"Utaniharibia mashine, Mwalimu. Nikirudi nitarekebisha."

Mvua ikanyesha, mlima ukaporomoka, barabara ikafungwa, nikakwama hukohuko Magoma. Huku nyuma kikao cha matokeo kikakaa. Singano akamtetea binti wa watu, akajibiwa kwamba kilichomo kwenye kompyuta ndicho hicho. Rehema akaondolewa chuoni.

Niliporudi nilirekebisha kimyakimya, nikanyamaza! Niliogopa kuulizwa. Wiki zikapita, mpaka Singano alipogundua akanipeleka kwa mkuu. Tukatumwa Rangwi kumrudisha.

Baba yake tulimkuta shambani kwenye kabichi.

"Shikamoo, mzee. Tumemfuata Rehema. Amefaulu, kosa lilikuwa letu," nikasema.

Akakaa chini palepale kwenye matope.

"Aliniapia kwamba amefaulu," akasema. "Nikamwita mwongo mbele ya wadogo zake. Nikamwambia mashine haiwezi kumwonea mtu. Nimemwoza Ijumaa."

Ee Mola wangu! Mzee mzima analia, mimi nimesimama nimevaa viatu vya ofisini.

Tulimpelekea Rehema salamu kwamba nafasi yake ipo. Jibu likaja kupitia kwa mama yake: "Mwambieni dada nimeshukuru. Lakini mume wangu hataki, na mimi sina tena nguvu ya kubishana na mtu."

Ndugu yangu uliyekabidhiwa kazi ya wengi, usiikumbatie peke yako ili uonekane! Wagawie wenzako leo, kabla hujafunga ofisi. Mimi niliombwa neno moja tu, nikaringa.