Nyumba Juu ya Mabega

Dirisha la sebule yetu lina upana wa sinia, na liko usawa wa majani. Wakati wa joto naona magurudumu ya mashine ya kukatia nyasi. Wakati wa baridi theluji hulifunika, na hata hayo siyaoni. Tunakaa besimenti, chumba cha chini ya nyumba, huku Brampton, Kanada, mimi, mume wangu na binti yetu. Juu yetu anakaa mwenye nyumba na familia yake, watu wema wenye visigino vigumu. Nimeshamjua kila mmoja wao kwa mshindo wake. Bibi yao huburuta mguu wa kushoto, na akiamka kuswali sala zake nami huamka.

Mume wangu ni Mbugis, mtu wa Sulawesi Kusini, Indonesia, kutoka kijiji ambacho hata ramani ya simu hukionyesha kwa kusitasita. Mimi ni mtu wa Mombasa, Majengo. Tulikutana msikitini Rexdale mwezi wa Ramadhani, mimi nikigawa sambusa, yeye akirudi kwenye foleni mara ya tatu kwa uso wa mtu ambaye hajala. Nyumbani tunasema Kiingereza cha kuokoteza, kila mmoja akikitia chumvi ya kwao. Yeye anaendesha foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Mimi naogesha wazee wa watu.

Kijiji chake nakijua kwa masimulizi na kwa simu ya video, maana kukiona kwa macho hatujajaliwa. Nyumba ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo ndefu. Chini ya sakafu hulala kuku, pikipiki na magunia ya mpunga. Mashamba ya mpunga yanakuja mpaka mlangoni. Vijana wamekimbilia migodini na Malaysia, wamebaki wazee na watoto wa shule. Tangu lami ipite, kila mtu anataka kiwanja cha barabarani, na vile vilivyo ndani mashambani havina wa kuviuliza.

Biashara inayovuma kule ni nyumba za ndege. Mwenye nacho hujenga jumba refu la zege lisilo na dirisha, matundu tu juu, kisha hufunga spika zinazopiga sauti za mbayuwayu kutwa nzima. Ndege wanaopita husikia, wakadhani wenzao wako ndani, wakaingia na wao wakajenga. Viota vyao huuzwa kwa bei ya dhahabu, vikapikwa supu.

Mume wangu aliponieleza mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Yaani huko kwenu ndege ndio wanaojengewa?"

"Tena ya zege," akasema, akatazama dari yetu iliyovimba maji pembeni.

Mwaka juzi mama mkwe alifariki. Mume wangu hakumzika. Kadi yake ya ukaazi ilikuwa imekwisha muda, ameomba mpya, na aliogopa akitoka asirudi. Alikaa hapa kwenye kochi siku tatu akitazama mazishi na matanga ya mamake kwenye simu. Mimi nilikuwa na pasipoti yangu ya Kanada ndani ya droo, ningeweza kuruka siku ile ile, lakini mama hakuwa wangu.

Hapo ndipo penye donda letu. Mimi nilikula kiapo cha uraia zamani. Binti yetu alishika kibendera, baba yake akapiga picha. Yeye hakuapa. Kila mwaka namwambia, "Apa yaishe," kila mwaka ana sababu. Nataka tufike uwanja wa ndege tupange foleni moja kama familia. Nataka asitetemeke kila kadi inapokaribia kuisha. Lakini kwao mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Ukiapa huku, kule unavuliwa, na mgeni hamiliki ardhi. Anapewa muda mfupi tu auze au ampe mwenyeji. Na yeye ana kiwanja alichorithi kwa babake, katikati ya mpunga, mbali na lami, pasipo hata kibanda. Basi mume wangu haapi kwa sababu ya kiwanja asichokalia, na hawezi kwenda kukikalia kwa sababu akikaa kwao muda mrefu kadi ya huku inampotea. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse dereva wa foklifti.

Baada ya arubaini ya mama, mdogo wake akapiga simu. Ardhi iliposimama nyumba ya mama ilikuwa ya upande wa shangazi, na watoto wa shangazi wameiuza. Aliyeinunua anataka kujenga nyumba ya ndege.

"Basi nyumba imekwenda," nikasema.

Mume wangu akanitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Ardhi ndiyo iliyouzwa. Nyumba ni yetu."

Maneno hayo nimekua nayo. Majengo tulikaa nyumba bila ardhi: kuta za mamangu, mabati ya mamangu, udongo wa mtu mwingine. Kila mwezi alikuja mtu wa mwenye ardhi na mwavuli wake kuchukua kodi ya ule udongo. Mama hakuweza kuchimba choo kipya bila ruhusa. Hakuweza kuongeza chumba nilipovunja ungo. Halafu mwenye ardhi akafa, warithi wakauza, na mamangu akaambiwa avunje nyumba yake mwenyewe kwa mikono yake. Hakuna jirani aliyetoa bega siku ile, maana kila mmoja alikuwa akivunja ya kwake. Mama alipakia mlango kwenye mkokoteni tukaenda nao kwa khalati, dadake mama. Ulikuwa mlango wa mvule, mzito. Uliegemezwa ukutani uani kwa khalati, na ulikuwa ungali huko mamangu alipokufa. Wahenga wamesema nyumba njema si mlango, lakini sisi tulibaki na mlango peke yake.

Siku niliyoolewa nilimshika mume wangu mkono nikamwambia, "Njaa nitavumilia. Baridi nitavumilia. Nyumba bila ardhi, hapana. Niahidi." Akaniahidi, bila kujua anaahidi nini.

Sasa akanieleza kwamba nyumba ya mama yake haitavunjwa. Itabebwa.

"Itabebwa na nini?"

"Na wanaume."

Nilidhani Kiingereza chetu kimepotezana. Akanionyesha kwa mikono: hufungwa mianzi kwenye nguzo, tangazo hutolewa msikitini baada ya Ijumaa, wanaume wa kijiji huja na mabega yao, na nyumba huondoka nzima, na paa lake, na ngazi yake. Wanawake hupika. Mimi binti Majengo nikakaa kitako. Kumbe kuna mahali nyumba ikifukuzwa inaondoka na heshima zake.

Swali likawa inakwenda wapi. Mdogo wake alikuwa na nafasi uani kwake, kando ya lami. Nyumba ikiwekwa huko itakaliwa, moshi utatoka jikoni, mbao hazitaliwa na mchwa. Mume wangu atamwachia mdogo wake kile kiwanja cha mpungani, kisha huku ataapa, nami nitapata foleni moja niliyoilia miaka yote. Lakini nyumba itakuwa juu ya udongo wa mdogo wake. Au ipelekwe mpungani, kwenye kiwanja chake mwenyewe. Hapo itakuwa nyumba na ardhi yake, bila mtu ndani, na yeye hataapa maisha yake yote.

Tuligombana wiki nzima, kwa kunong'ona kwa sababu ya watu wa juu. Ajabu ni kwamba kila mmoja alikuwa akimtetea mwenzake. Mimi nikisema uani, apate kuapa. Yeye akisema mpungani, kwa ahadi aliyonipa. Kisha tukabadilishana, tukagombana upya.

"Wewe ndiye uliyesema nyumba bila ardhi hapana," alinong'ona.

"Mimi nilisema yangu! Hii yangu? Leo ukifa wataniambia mimi mgeni niondoke. Mimi kule sina hata pa kupanda mchicha."

"Kwa hiyo uani?"

"Sijasema uani."

Mdogo wake akawa anapiga kila siku kuuliza, naye anajibiwa kesho. Mwisho, sijui kwa subira au kwa hasira, akapanga mawe ya kusimamishia nguzo pande zote mbili. Akasema wao watainyanyua, na wakifika njia panda watauliza. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini yule bwana alitupa nafasi ya mwisho.

Tofauti ya saa zetu wakati wa joto ni kumi na mbili kamili, kwa hiyo asubuhi yao ya Jumapili ilikuwa jioni yetu ya Jumamosi. Niliegemeza simu kwenye birika la chai. Binti yetu akakaa katikati yetu akila mhogo wa kukaanga. Tukaona nyumba ya marehemu, madirisha yake wazi, na chini yake miguu, miguu mingi ajabu, wengine na viatu vya mpira, wengine peku. Mtu mmoja alikuwa amepanda kwenye ngazi ya mbele akipiga kelele za kuwapa mwendo. Akahesabu. Nyumba ikatikisika, ikainuka.

"Mama, it's walking!" binti yetu akapiga ukelele.

Ilikuwa ikitembea kweli. Ilipita penye mnazi, ikapita mbele ya msikiti, pazia la dirishani likipepea. Nguzo ya katikati, mume wangu alinieleza zamani, huitwa kitovu cha nyumba, na kwa nguzo hiyo wanaume walikuwa wamebanana zaidi. Nililia bila aibu. Nilikuwa nikiuona mlango wa mvule kwenye mkokoteni, na mamangu akiusukuma kwa nyuma, na watu wakitupisha njia tu.

Walipofika njia panda wakasimama. Mdogo wake akaja mbele ya simu, jasho likimtiririka, nyuma yake nyumba ikiwa bado juu ya mabega ya watu.

Kiindonesia changu ni cha jikoni, lakini "wapi" naijua.

Mume wangu akafunika uso kwa mikono yake miwili. Kule wanaume wakaanza kuguna, mzee mmoja akabadilisha bega. Mdogo wake akauliza tena, safari hii akiniita mimi, shemeji yake. Juu ya dari yetu bibi alikuwa akiburuta mguu kwenda jikoni. Nilikasirika na wote: na yeye aliyenyamaza, na sheria za nchi mbili, na mimi mwenyewe niliyemfunga kwa ahadi nikiwa bibi harusi. Kila upande niliotazama palikuwa na ukuta. Nyumba ya watu ilikuwa mabegani, na watu wanachoka.

Nikasema, "Sawah." Maana yake mpungani. Ndilo neno la kwao lililonijia.

Wakageuka kushoto. Sikusema kwa kupima faida. Nilisema kwa sababu sikuweza kuitazama nyumba nyingine ikishushwa juu ya udongo wa mtu, hata kama mtu huyo ni ndugu. Mume wangu alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma, na nikajua tumeshapoteza ile foleni moja, yeye wa kadi na mimi wa pasipoti, mpaka mmoja wetu azikwe.

Walipoishusha juu ya mawe walishangilia, wakala wali na samaki wa kuchoma, wakaondoka. Mdogo wake akatuzungusha na simu vyumbani. Mpunga pande zote nne, kila dirisha lina mandhari yake, na hakuna hata sauti ya mtu. Akasema nyumba iliyohamishwa hailali peke yake usiku wa kwanza. Inafaa alale mwenyewe. Yeye atalala kwa niaba yetu, lakini simu ataiweka sakafuni penye nguzo ya kitovu, ili nasi tuwepo.

Kwa hiyo kesho yake Jumapili, sisi huku ni asubuhi, tukashusha pazia, tukatandika godoro sebuleni na kuzima taa. Kule kulikuwa kumeingia giza. Tukaiweka simu baina ya mito. Mwanzo hatukusikia kitu, halafu wakaja vyura, wengi, shamba zima. Nyuma yao, kwa mbali sana, tulisikia spika za nyumba ya ndege ya jirani, ambayo hawakuwa wameizima, zikiendelea kuwaita mbayuwayu.

Binti yetu akaja na nguo zake za kulalia, akajipenyeza katikati yetu.

"Are we there?" akauliza.

Nje mwenye nyumba aliwasha mashine ya nyasi, mngurumo wake ukapita dirishani. Mume wangu, macho yamefumba, akaniambia niongeze sauti. Nikaongeza mpaka mwisho.