Kiti cha Pili cha Rula

Walimwita Rula, na wala hawakuwa wanamsifu. Miaka thelathini na moja ya kukereza vyuma karakanani ilimzoesha kupima kila kitu, hata mkate kabla ya kuukata. Alipostaafu, watu wakadhani atapumzika. Thubutu! Aliingiza uani injini ya pikipiki kubwa, akaanza kuunda gari la mbio kwa mikono yake.

Miaka sita ikapita. Likatoka gari jekundu, fupi, jepesi kiasi kwamba wanaume wawili waliweza kulinyanyua nyuma. Kiti cha pili kilikuwa cha mkewe. Miaka yote ile ya kazi hakuwahi kumtembeza popote pasipo na shughuli, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Mkewe, fundi cherehani, alikishonea ngozi mwenyewe. Lakini kukikalia? Alishika kiuno.

"Kushona nimeshona, baba watoto. Kupanda, siku litakapoacha kulewa."

Na lilikuwa linalewa kweli! Kwenye uwanja wa ndege usiotumika tena, alikoruhusiwa kulijaribu, lilikwenda vizuri hadi themanini. Likivuka mia, nyuma kunaanza kucheza, mara kushoto, mara kulia, na usukani haukusikia la mtu. Rula alikuwa akirudi nyumbani mapema, anasingizia jua kali.

Akabadilisha matairi. Akapunguza upepo, akauongeza. Akakaza springi, akazilegeza. Kila mara alivuta kamba mbili ubavuni mwa gari, akalala kifudifudi na kupima magurudumu: yamenyooka, hata unywele haupiti.

"Kamba haisemi uongo," alinung'unika. Moyoni alikuwa ameanza kukata tamaa. Kiti kile kitupu kilimuuma kuliko gari lenyewe.

Asubuhi moja mkewe alitoka na gauni la mteja begani, akamkuta chini kama kawaida.

"Unapima nini tena?"

"Magurudumu."

"Ukiliendesha, wewe unakuwa wapi?"

"Ndani, swali gani hilo?"

"Sasa mbona unalipima tupu? Mimi nikipima gauni kwenye hanga, mteja akilivaa, zipu itafungwa na nani?"

Rula akaiachia kamba. Akakaa kitako, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Gari zito halimjali dereva, lakini hili! Yeye na mkewe walikaribia theluthi ya uzito wa gari. Likipakiwa, linachuchumaa. Likichuchumaa, magurudumu nayo yanageuka. Lo, akili ni nywele, kila mtu ana zake.

"Nitaweka mifuko ya saruji kwenye viti," alisema.

"Mifuko mingapi ndiyo mimi?"

Mpima mikate wa watu akajifanya anatafuta nati. Kwa mara ya kwanza maishani hakutaja kipimo. Mkewe akaangua kicheko.

"Weka saruji kwenye kiti chako. Changu nakaa mwenyewe, maadamu limesimama."

Saruji ikapakiwa, mkewe akapanda, gari likazama kidogo. Rula akarudi kwenye kamba. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yametazama nje, kila moja upande wake, kama ndugu waliogombana.

"Mungu wangu! Usishuke, mke wangu, usishuke!"

Alikaa humo saa mbili akipinda pindo la gauni, huku mumewe akikaza na kulegeza nati.

Kesho yake Rula alilijaribu na saruji kwenye kiti cha pili. Mia. Mia na ishirini. Limetulia. Akaenda kumchukua mkewe, wakakata uwanja mzima na kurudi, mtandio unapepea, mama wa watu anapiga vigelegele. Rula alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akasingizia vumbi.

"Sasa nishushe," mkewe alisema. "Nenda peke yako, nikuone kwa mbali."

Akaenda, akarudi polepole.

"Bila wewe linavuta kando."

"Basi lirekebishe."

"Nimelipima kwa watu wawili."

"Na ukitaka kwenda peke yako?"

Rula aliinama, akapangusa kiti cha pili kwa kiganja.

"Sitaki," alisema. "Panda twende."