Njia ya Uani

Ukitaka kuujua mtaa wetu wa Ufukoni, usipite mbele. Mbele kuna barabara pana ya mchanga, pikipiki, kijiwe cha kahawa, na wanaume waliokaa barazani wakiangalia nani kapita na kabeba nini. Mwanamke akikatiza pale na bakuli lililofunikwa, ataulizwa habari za bakuli mpaka mchuzi upoe. Pita nyuma. Huko, kati ya majiko, vyoo na kamba za kuanikia nguo, kuna njia nyembamba inayotoka bombani hadi karibu na msikiti. Ni njia yetu wanawake, tunaiita njia ya uani, nami naionea fahari bila kumwomba mtu radhi.

Hakuna aliyeipanga. Nyumba zilijengwa zikatazama barabara, huku nyuma ukabaki upenyo, tukaupita mpaka ukawa njia. Pale bombani pana mama anayekaanga mihogo, kwa sababu anayesubiri ndoo ijae ana njaa na ana muda. Njia inapopinda kuna kivuli cha ukuta mrefu, basi ndipo tunaposukana nywele. Karibu na msikiti, watoto wanakotoka madrasa, kuna vitumbua. Maduka ya mbele yanafuata pikipiki, biashara za nyuma zinafuata kanga.

Mimi nimeolewa upande mwingine wa mji, kwenye viwanja vilivyopimwa zamani. Barabara zimenyooka, kuta ndefu, mageti. Kuzuri, sikatai. Lakini kumfuata jirani ambaye ukuta wake umegusana na wangu, nazunguka hadi barabara kubwa ndipo nirudi. Mwisho niliacha kwenda kuomba chumvi, naye akaacha kuja. Hata karanga haziuzwi kule, maana hakuna anayepita kwa miguu.

Baba alipofariki, mama akakaa eda nyumbani Ufukoni, nami nikarudi kukaa naye. Mjane akiwa eda hatoki, na mama yangu ni mtu wa kuzunguka, nilimwogopea sana. Njia ya uani ikamwokoa. Kila asubuhi hodi zilianzia mlango wa nyuma. Huyu kaleta uji, yule kaja kumchambulia mboga, mwingine hana hili wala lile, alikuwa anakwenda bombani akaona atue ndoo kidogo. Wangekuwa wanapita mbele, wangelazimika kuvaa vizuri na kujieleza kwa kila baraza, na wangekuja mara mojamoja. Kwa nyuma walikuja na unga mikononi.

Mama akiwa bado eda, wapimaji wakafika kurasimisha mtaa, kila nyumba ipate hati yake. Wote tulifurahi. Wenye nyumba walikusanyika barazani kwetu, na mpimaji, kijana mstaarabu, akawaeleza kwamba njia ya nyuma haitambuliki popote. Ili iingie kwenye ramani, kila nyumba iachie kipande cha kiwanja hadi njia ifikie upana unaotakiwa. Mmoja akikataa, imekatika, na kila mtu atakuwa na haki ya kujenga ukuta hadi kwenye jiwe lake la mpaka. Majirani wakakubali mmoja baada ya mwingine. Kisha macho yakatugeukia sisi. Nyumba yetu ipo katikati, na kwetu ndipo njia ilipobanwa na jiko la mama.

Jiko lile la fito na udongo baba alilijenga kwa mikono yake mama alipokuwa na mimba ya kwanza. Mimba hiyo ndiyo kaka yangu, na kaka akasema hapana. Alisema hawezi kuvunja jiko la mama akiwa eda, eti kwa ajili ya kinjia cha wanawake. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Sababu ilikuwa nzuri, lakini mimi nilishasikia habari za vyumba vya kupangisha alivyotaka kujenga hadi mpakani.

Nikapandwa na hasira. Nilisimama mlangoni nikawaeleza kwangu kulivyo, kuta na mageti na chumvi isiyoombwa. Nikawauliza chakula walichokula siku zote za msiba kililetwa kwa njia ipi. Kaka akaniambia nikae, mwenye jiko ni mama, na mama hayupo barazani.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, haikuwa hata kubwa.

"Vunjeni jiko, nitapika popote. Lakini mkifunga njia, mtakuwa mmenizika pamoja na baba yenu."

Kaka aliinama. Kisha akamwambia mpimaji aandike kwamba tumekubali. Kesho yake alilivunja jiko mwenyewe, hakumruhusu mtu mwingine kushika jembe, na mafiga akayabeba moja moja hadi ndani kwa mama. Siku hiyo nilijivunia hata yeye. Leo njia ya uani imo kwenye ramani, mstari mwembamba usio na jina. Vyumba alivyovitaka havikuenea kwenye kiwanja kilichobaki. Kilienea kimoja, chenye mlango unaotazama njia, na amempangisha mshona nguo ambaye hakosi wateja.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile mama alipomaliza eda. Mbele palitandikwa mikeka na kupangwa viti. Wanaume walijaa barazani, kaka akiwa amevaa kanzu mpya, wakimsubiri mama atoke wamwombee dua. Ndani tulimwogesha mama, tukambadilisha nguo, tukamfukiza udi. Nilipomshika mkono kumwongoza kwenye mlango wa mbele, akauvuta mkono wake taratibu na kugeukia nyuma.

Alifungua mlango wa uani mwenyewe. Akapita palipokuwa na jiko lake bila kutazama chini, akashika njia kuelekea bombani, na katika kila ua alioupita alitoka mwanamke akamfuata. Walipofika penye kona ya kusukia sikumwona tena mama, niliona kanga tupu.

Nilikwenda barazani kuwaambia wanaume kwamba mama ameshatoka.