Kuku Ametaga Mayai Mangapi?

Siku ile sauti ya mutoto wangu iliniita "mama" ndani ya telefone, nikaifukuza kama mwizi.

Na nilicheka. Nilicheka kabisa, nikarudi kwa kinu kumalizia kutwanga sombe, majani yetu ya muhogo.

Nataka muelewe vizuri, juu wengine watasoma hapa na kusema bibi huyu hana moyo. Moyo niko nao. Akili njo ilizidi siku ile.

Mimi ni Mama Hélène, mujane wa Ngoyi, mekanisien wa treni hapa Kindu. Miaka sabini na moja. Shule nilisoma mpaka ya tano primaire, kisha wakaniozesha. Naandika na kidole kimoja na jicho moja. La pili docta alisema linafungwa pole pole, na hili lingine litalifuata.

Mutoto wangu Claudine alinitumia telefone toka Lubumbashi mwaka jana. Android. Aliificha ndani ya gunia ya unga ili treni isiivunje, ikafika nyeupe yote. Nikaipukuta nje kama kitambaa cha meza.

"Mama, sasa tutaonana kila siku!"

Tulionana kweli. Yeye aliona paji langu la uso, mimi niliona dari ya nyumba yake.

Kuna kitu wanaita vocal. Unashika alama, unasema, unaachia. Mimi naachia kabla sijasema, au nasahau kuachia. Siku moja Claudine akaniandikia: "Mama, nimepokea dakika tisa. Umesalimia mara moja, kisha umemugombeza mbuzi."

Mbuzi alistahili.

Tena kila vocal ninamaliza na "terminé, à vous." Wajukuu wanacheka. Nitawaelezeni hiyo inatoka wapi, ngojeni.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nione wajukuu wangu na jicho hili kabla halijafungwa. Si ndani ya kioo, hapana. Hapa, juu ya mukeka wangu, niwashike masikio.

Claudine alisema mwaka huu. Mwaka ule pia alisema mwaka huu. Toka tulipomuzika baba yake, imepita miaka kumi ya "mwaka huu."

Sasa, jirani yangu ni Ma Pélagie. Mwezi wa tatu alipigiwa simu. Sauti ya kijana wake Zéphirin, analia: "Mama, nimekamatwa uwanja wa ndege, fanya haraka!" Pélagie akauzisha mbuzi wake wawili, akatuma. Saa ileile Zéphirin mwenyewe alikuwa Kampene, ndani ya shimo, anachimba dhahabu, hana hata rezo ya simu.

Pélagie alilia wiki mbili. Mbuzi hakuwalilia sana.

"Mama Hélène, nilimuzaa mimi! Na walimuiga mpaka kikohozi!"

Nikamwambia: "Pole, ndugu yangu. Lakini mimi hawataniweza. Mimi niko na neno la vita."

Sikilizeni sasa hilo neno.

Mwaka wa tisini na tisa, Kindu ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Treni imelala, na kila mwenye bunduki anatafuta mekanisien wa kuiamsha. Ngoyi wangu akajificha mashambani. Claudine, miaka kumi na mbili, tukamutuma kijijini Tunda kwa shangazi yake Geneviève.

Telefone hazikuwa. Ilikuwa phonie: redio ya kusemea, inakula batri ya gari, antene yake waya mumoja umefungwa katikati ya michikichi miwili. Phonie ya mutaa wetu ilikuwa kwa Youssouf. Unapanga mustari, unasema mbele ya watu wote, ukimaliza unasema "terminé, à vous," yaani nimemaliza, zamu yenu, kisha unangoja jibu litoke ndani ya makelele kama mafuta ya kukaangia samaki.

Na pale kwa benchi hawakukosa wasikilizaji wenye bunduki.

Geneviève njo alitunga neno. Mimi nauliza: "Kuku ametaga mayai mangapi?" Kama yote iko salama, jibu ni: "Hatagi, anaatamia." Kama anataja hesabu, njo hatari. Funga mudomo. Usitaje jina, usitaje njia. Ongea kuku mpaka dakika ziishe.

Siku moja nilifika na habari kubwa: Ngoyi ameanza njia ya Tunda. Nikauliza kwanza kuku.

Claudine akajibu: "Mayai mane, mama. À vous."

Nilimeza jina la baba yake kama mufupa.

"Basi mumupe mahindi," nikasema. "Terminé."

Nikatuma muntu mbio, Ngoyi akarudishwa njiani. Alikuja kufa miaka kumi na tano kisha, kitandani kwake, juu ya shuka safi, anagombana na mimi juu ya chumvi.

Mayai mane njo yalimupa hiyo miaka. Kwa hiyo muntu asinichezee na neno la kuku.

Turudi mwaka huu.

Siku ya posho, njo Jumamosi, saa nne asubuhi. Mimi niko kwa kinu, Pélagie iko kando yangu anachambua majani. Telefone ikalia. Namba siijui.

"Mama! Ni mimi Claudine!"

"Claudine gani?"

"Mama! Niko hapa Kindu, uwanja wa ndege! Fanya haraka!"

Uwanja wa ndege. Fanya haraka. Pélagie akaacha sombe ianguke.

"Telefone yangu imezima, hii ni ya muntu. Tunaenda Goma kwa harusi ya wifi yangu, ndege imesimama hapa kuchukua watu. Iko saa moja tu! Panda moto, pikipiki yoyote, mama, kuja!"

Sauti ilikuwa yake. Hata ule mukwaruzo anaokuwa nao asubuhi. Sitaficha: niliikamata telefone kwa nguvu mpaka sombe ikaingia ndani ya matundu yake.

Pélagie akaninong'oneza: "Njo hivyohivyo, mama. Njo hivyohivyo kabisa."

Nikavuta pumzi.

"Kuku ametaga mayai mangapi?"



Ile sauti ikashuka chini: "Mawili, mama. Mawili. Mama, uko..."

Hakusema anaatamia; hesabu njo hatari. "Umeanguka mutihani!"

Nikakata. Nikabloka. Ndani ya Android yote, kubloka njo kitu kimoja najua vizuri.

"Mama Hélène," Pélagie akasema, "wewe ungekuwa mwanajeshi, vita ingeisha mwaka uleule."

Nikacheka, nimeshawaambia. Kisha nikashika vocal kwa grupu ya familia: "Watu wangu, wezi wameiba sauti ya Claudine. Wanasema wako uwanja wa ndege. Musiende kule, musitume kitu. Mimi nimewashinda. Terminé, à vous." Ilikuwa mara ya kwanza vocal yangu itoke bila kosa hata moja.

Batri ikabakia ndogo, nikaenda kwa Youssouf. Ndiyo, yuleyule wa phonie. Leo iko na kibanda cha kuchaji telefone na plaki ya jua. Ndevu zimekuwa nyeupe, mashini zimekuwa ndogo, lakini kazi ni moja: watu wanamuletea sauti zao.

Kusema kweli, si batri tu iliyonipeleka. Nilitaka kujisifu kwa muntu anayejua uzito wa mambo.

Nikamueleza yote, na mikono. Youssouf akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Alisema mangapi?"

"Mawili."

"Mama Hélène. Siku ile toka Tunda, alisema mangapi?"

"Mane."

"Na nyuma yake walisimama wangapi?"

Nikakumbuka. Geneviève alinisimulia baada ya vita, mara mia: wanaume wane walimushika mutoto bega, wakamupeleka kwa phonie ili amuite baba yake.

Wane.

"Hesabu ilikuwa ya watu wanaosimama pembeni yako," Youssouf akasema pole pole. "Njo maana ya mayai. Umesahau?"

"Wewe umejua namna gani? Ilikuwa siri!"

"Mama, mimi nilishika mashini. Wa kwa Hamadi neno lao lilikuwa muhogo, nyinyi kuku. Mustari muzima nilijua. Wenye bunduki peke yao njo hawakujua."

Claudine iko na watoto wawili. Exaucée, miaka tisa. Douce, miaka sita.

Mayai mawili.

Telefone niliiacha palepale. Nikapanda moto ya kwanza, kandambili ya kushoto yangu, ya kulia ya muntu mwingine.

"Uwanja wa ndege! Nitakulipa, nitakuombea, kimbiza!"

Hatujafika, ndege ikapita juu yetu. Niliona tumbo lake. Mwenye moto akapunguza mwendo.

"Bibi, tuendelee?"

"Endelea."

Sijui kwa nini nilisema endelea.

Pale kulikuwa mama mumoja anafagia. Watu wote wameenda, akasema. Nikakaa juu ya ngazi ya simenti. Chini ya mguu wangu kulikuwa kipande cha biskuti, kimeumwa na meno madogo. Labda hakikuwa chao. Nilikiokota.

Nikajiambia: Hélène, umesubiri miaka kumi, na walipokuja mpaka hapa, umewafungia mulango na kidole kimoja. Kidole hiki hiki ninachoandikia.

Kurudi, nilimwambia mwenye moto aende pole. Sikukuwa na kitu cha kukimbilia.

Kufika kwetu, watu wamejaa. Wa mutaa muzima. Nikasikia Pélagie anapaza sauti ya askari:

"Hupiti! Sura iko sawa, sauti iko sawa, lakini hupiti! Kuku ametaga mangapi?"

"Mawili! Nimekwambia mawili! Wewe ni nani? Mama yangu iko wapi? Nani iko ndani naye?"

Nikasukuma watu. Mulangoni kwangu Pélagie amesimama na mwiko. Mbele yake, Claudine wangu, nguo ya harusi, viatu mukononi, ameinua muchi wa kinu changu juu ya kichwa. Nyuma yake, watoto wawili wa kike na mabegi ya mugongoni, wanatafuna muhogo na kutazama kama sinema.

"Claudine," nikasema.

Muchi ukaanguka. Akanishika mabega, akanigeuza huku na huku, akatafuta damu.

"Mama, walikuwa wangapi?"

"Nani?"

"Waliokushika! Uliuliza kuku!"

Hapo njo nilielewa.

"Toka vita hujawahi kuniuliza kuku," akasema, analia sasa. "Nikajua watu wabaya wameingia. Nikajibu mawili, hesabu ya walio kando yangu, ili ujue niko na watoto. Ukakata. Nikapiga tena, haipiti. Nikashuka na wao. Watu wa ndege walipiga makelele, nikawaambia nendeni. Mabegi yetu makubwa yako Goma."

"Na harusi?"

"Wataoana bila mimi."

Muone mambo. Miaka kumi nilimuita na barua, na vocal, na picha ya majani yaliyoota juu ya kaburi la baba yake. Jibu: mwaka huu, mama. Siku hiyo alikuwa anapita juu ya kichwa changu kwenda kula wali wa watu wengine. Na njia zetu zilipishana, mimi juu ya moto nakimbia kwake, yeye juu ya moto anakimbia kwangu, kila mumoja anakwenda kumuokoa mwenzake na hatari isiyokuwako.

Nilimukaribisha maisha yote, hakushuka. Nilimufukuza mara moja, akashuka.

Sikumwambia hivyo palepale. Nilimwambia kisha siku tatu, alipokuwa ameshiba.

Ndege nyingine ilichelewa siku nane. Nane! Exaucée na Douce walikaa upande wa jicho zima. Niliwashika masikio. Ya Douce ni ya Ngoyi kabisa, yamesimama mbele kama yanasikiliza mashini. Ile kioo ya Android haikuwahi kunionyesha masikio.

Siku ya kwanza Douce alizunguka nyumba mara mbili, akarudi.

"Bibi, ule kuku iko wapi?"

"Kuku gani?"

"Wa mayai mawili."

Sijawahi kufuga kuku, mimi. Mbuzi njo ninafuga. Nikamwambia ametoka, atarudi.

Youssouf alinirudishia telefone na kandambili yangu. Ile ya kulia niliyovaa ilikuwa yake. Nikamuomba afungue ile namba niliyobloka, akashindwa. Namna gani nilivyobloka, hata yeye hajui. Ilikuwa telefone ya abiria mumoja aliyemukopesha Claudine. Kama wewe unasoma hapa: samahani, na asante.

Sasa fundisho, juu najua mumeingoja.

Kama nyumba yenu iko na neno la siri, lifundisheni lote. Mimi nilikumbuka nusu, na ile nusu ilitaka kuniibia kuliko wezi wa Pélagie. Jiulizeni pia kati yenu nani amesahau, kabla ya kumuambia mwingine ameanguka mutihani.

Na nyinyi watoto wetu mulio mbali: shukeni. Musingoje mama aulize kuku.

Terminé.

À vous.