Sinia la Bi Biasha na Picha ya Angani

Bi Biasha Makungu wa Jambiani alikuwa msokota kamba. Makumbi ya nazi aliyafukia mchangani pwani mpaka yakalainika, akayafukua, akayaponda, na usumba uliotoka akausokota kwa viganja huku akipiga soga. Mumewe alikwisha fariki, binti zake wameolewa Paje na Makunduchi, na nyumbani alibaki yeye na kicheko chake. Jirani walikisikia kicheko hicho kabla hawajamwona mwenyewe.

Kitu kingine kilichompa jina ni sinia. Lilikuwa la enameli, jeupe pe, la mviringo, lenye ukingo wa buluu, alilonunua Darajani mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Arusi ya Jambiani haikuwa arusi bila ya sinia hilo. Hata mchele ulipokuwa wa kupangia foleni, sinia lilitoka kwake likapakuliwa muhogo wa nazi, na likarudi limeoshwa.

Januari ya mwaka 1973 walifika kijijini watu wawili kutoka mjini. Mmoja ni Simai, mtu wa Mkunazini, aliyesomea mambo ya bahari na kupewa kazi ya kupima maji ya pwani. Wa pili ni Usi, mchora ramani wa ofisini Shangani, ambaye bahari aliijua kwa wino tu. Walikuja na bamba jeupe la duara na kamba iliyopigwa fundo kila pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Bamba huteremshwa majini taratibu mpaka lisionekane. Likipotea upesi, maji yana tope; likichelewa kupotea, maji ni safi.

Alasiri moja walitoka kulijaribu kwa ngalawa ya Machano, kaka yake Bi Biasha. Usi ndiye aliyelifunga. Fundo lake likafunguka, na wote watatu wakainama kulitazama bamba likienda zake chini, jeupe, kisha kijani, kisha basi.

"Lete jingine," alisema Machano.

"Hakuna jingine," alijibu Simai. Uso ulikuwa umemsawijika. "Na kesho asubuhi ndiyo siku yenyewe."

Machano alifikiri kidogo, akageuza ngalawa. "Nnalijua moja. Lakini mwenyewe si mtu mwepesi."

Wakapiga hodi kwa Bi Biasha.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

"Tumekuja kuazima sinia," alisema Simai.

"Arusi ya nani hiyo, mie sijaalikwa?"

"Si arusi. Tunataka kulitumbukiza baharini."

Bi Biasha alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akamtazama kaka yake, kaka yake akaitikia kwa kichwa kwamba maneno ni ya kweli. Basi akamtaka Simai aeleze, na Simai akaeleza, akichora mchangani kwa kijiti. Wamarekani walikuwa wamerusha chombo kinachoitwa satalaiti, kinazunguka dunia huko juu kabisa na kuipiga picha. Mwangaza wa jua ukiingia baharini, mwingine humezwa na mwingine hurudi juu, na maji ya tope huurudisha tofauti na maji safi. Satalaiti inaunasa ule unaorudi.

"Sasa picha pekee haitoshi," alisema Simai. "Lazima saa ile ile inapopita, mtu awe majini, apime. Tukiweka picha na kipimo pamoja, tutajifunza kuisoma picha. Tukijua kuisoma, tutajua mvua za masika zinasukuma tope mpaka wapi, na matumbawe gani yanazibwa. Kesho inapita saa tatu na nusu. Ikishapita, mpaka wiki mbili na zaidi."

"Na mawingu?"

"Mawingu yakitanda, haioni kitu."

Bi Biasha alilishusha sinia ukutani. "Sikilizeni. Halitobolewi. Fundo nafunga mwenyewe. Na mie nnakwenda nalo."

"Dada, nje ya mwamba?" Machano alishtuka. Wanawake wa Jambiani walichokoa pweza maji yakikauka, lakini kuvuka mwamba unaokinga pwani na mawimbi ya bahari kuu haikuwa kazi yao.

"Si ngalawa ya kaka yangu? Nani atasema neno?"

Waliosema walikuwapo, lakini asubuhi walikuwa wamejipanga pwani kutazama. Bi Biasha alikuwa amelifuma sinia ndani ya wavu wa usumba, jiwe limening'inia chini yake ili lizame bila ya kuinama upande. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, haina wingu.

Walipopita mlango wa mwamba, ngalawa ikaanza kuyumba, na Usi akaanza kutapika. Alitapika kwa adabu, akiomba radhi kila mara, mpaka Simai akamwambia alale tu. Kamba ikaja mikononi mwa Bi Biasha.

Miaka yote alikuwa akiusikia mwamba ukinguruma kwa mbali. Mumewe alivua huku, na samaki wake yeye aliwapaa, akawakaanga, lakini mahali penyewe hakupata kupaona. Sasa alikuwa papo hapo, na maji yalikuwa ya buluu iliyoiva, hata akajiona mdogo. Moyo ukamjaa. Hakuwa na huzuni. Alihisi kama mtu aliyeingia chumba cha nyumba yake ambacho siku zote kilifungwa.

"Teremsha, Bi Biasha," alisema Simai kwa upole.

Akateremsha. Fundo baada ya fundo lilipita vidoleni. Sinia likawa la kijani, likawa la buluu, likawa kama mwezi wa mchana.

"Bado nnaliona. Bado... Limepotea! Limepotea jamani!"

"Pima kumi na nne," Simai alihesabu, sauti ikimpanda. "Vuta kidogo, tuone linapozuka."

Walirudia sehemu tatu za nje, kisha ndani ya mwamba, ambako sinia lilikaa juu ya mchanga na kuonekana wazi wazi. Saa tatu na nusu ilipotimu, Bi Biasha alitazama juu.

"Iko wapi?"

"Haionekani kwa macho."

"Lakini yenyewe inatuona?" Akavua kanga ya juu, akaipunga. Usi, pale alipolala, akanyanyua mkono naye.

Picha haikufika mpaka mwezi wa Shaaban. Machano alimpeleka dada yake mjini, wakapanda ngazi ndefu za ofisi ile Shangani, na Usi akawapokea kwa furaha kama ndugu. Mezani palilazwa Unguja nzima, nyekundu.

"Mmeichoma moto?" aliuliza Bi Biasha.

"Ndivyo majani yanavyotoka kwenye picha hizi," Simai alicheka. Kisha akamwonyesha bahari: nje ya mwamba nyeusi, ndani ya mwamba ina weupe mpana. Upande wa Bububu haukuonekana, wingu lilikuwa limetua juu yake.

"Sinia langu?"

"Halionekani, Bi Biasha. Hata ngalawa haionekani. Lakini tazama hapa. Mtu angeona weupe huu angesema maji ya Jambiani ni ya tope. Nami ningesema hivyo hivyo, kama tusingeliliona sinia limekaa chini. Weupe huu ni mchanga. Bila ya siku ile, tungeisoma vibaya."

Bi Biasha aliinama juu ya picha. Akaupitisha ukucha pole pole ukingoni mwa mwamba, mpaka ukafika mlangoni.

"Hapa ndipo alipokuwa akivua marehemu," alisema, na akatabasamu.

Usi alimpa nakala. Kijijini Bi Biasha aliitandaza juu ya mkeka, wanawake wakainamiana, kila mmoja akiitafuta nyumba yake na kugombana na mwenziwe kwa kucheka. Machano aliwaambia mara kumi kwamba nyumba hazionekani. Hawakumsikiliza. Jirani mmoja, Mwanamkasi, yeye hakutafuta nyumba. Alikuwa akitazama ule weusi wa nje ya mwamba.

"Kunakuwaje huko, Biasha?"

"Kaskazi ikirudi, njoo uone."

Naye akaja, na Kidawa mpwa wake akaja. Simai na Usi walipofika tena mwaka uliofuata, walikuta ngalawa imejaa wanawake watatu, na Machano amesimama ndani ya maji, hana pa kukaa.